Paker, Hema Lilikuwa Moja

Paker mpendwa,

Supa. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza neno nawe bila salamu, na sitaanza leo kwa sababu tu umelala chini ya udongo wa Bisil.

Nimekuita Paker tangu siku nilipokuja kwako na ndugu zangu kumposa binti yako Nashipai, nikakukabidhi kondoo kwa mikono yangu mwenyewe, naye kondoo akanikanyaga mguu mbele ya wazee wako wote. Ulicheka kwanza, ndipo ukanieleza kwamba watu waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina. Kuanzia hapo mimi nilikuwa Paker wako na wewe Paker wangu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, mimi Mkikuyu muuza misumari wa Kitengela. Leo jina hilo limenifaa kwa namna nyingine, maana kwenu Wamaasai jina la aliyeondoka halitajwi ovyo, nami sina haja ya kulitaja.

Barua hii siifungi. Nataka aisome yeyote anayetaka, na hasa wale waliokaa kwenye viti vya kukodi siku ya mazishi yako wakamsikiliza binti yako akisimulia safari yetu ya Nguruman. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alisema kwamba baba yake, mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo na kinyesi cha ng'ombe, alipanda mlima uzeeni na kulala siku tatu katika hema lake mwenyewe, jipya, kama mtalii. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Mimi nilicheka nao. Paker, maneno yale hayakuwa kweli, na aliyempa Nashipai maneno yale ni mimi. Hema lilikuwa moja. Wewe ulilala nje.

Ijumaa hii tunarudi kule, mimi na yeye, siku nne na mabegi mgongoni. Nimeona nisifunge begi kabla sijalisema hili.

Ile safari ya kwanza ilikuwa wazo lako. Ulikuwa umekaa kwetu Kitengela ukinywa chai, nami nikakuonyesha kwenye simu picha za kikundi chetu cha kupanda milima. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda mahali, tumevaa buti na kofia, tunarudi jioni na miguu inayouma na picha mia. Uliuliza tunalala siku ngapi huko. Nikasema hatulali. Ulirudisha simu ukasema kwamba huko si kupanda mlima, ni kupeleka mbuzi malishoni. Kisha ukasimulia ule ukame wa ujana wako, ulipokuwa moran, kijana wa vita, na baba yako akakutuma na ng'ombe wote kutoka bondeni hadi juu ya ukuta wa Nguruman, kwenye msitu, kwa sababu huko kulikuwa na chemchemi ambayo haikuwa imewahi kukauka. Ulitaka kuiona tena kabla magoti hayajakataa. Ulisema hivyo hivyo tu, ukaomba sukari.

Tukakubaliana mwisho wa Septemba. Ulisema mvua fupi ikishaanza njia ile inakuwa utelezi mtupu, na Julai baridi ya juu inauma mno, kwa hiyo ni ule wakati wa katikati, majani yakiwa makavu na miti mingine imepukutisha. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda mtihani. Wewe hukuwahi kunielewa katika jambo hili, na sikulaumu. Mimi ni mtu wa mizani. Dukani napima misumari kwa kilo, na kwenye kikundi chetu sifa kubwa ni kubeba kidogo. Nilitandaza turubai sebuleni nikapanga kila kitu juu yake: mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, sufuria, tochi, plasta, chupa za maji, unga, ndengu zilizochemshwa na kukaushwa. Kila kimoja nilikipandisha kwenye mizani niliyoleta kutoka dukani. Nilikata mpini wa mswaki wangu kwa msumeno.

Ulikuwa umekaa pale ukitazama. Mzigo wako wewe ulikuwa shuka mbili, fimbo, sime, majani ya chai kwenye karatasi na kisufuria cheusi ambacho Nashipai anasema kilikuwepo kabla hajazaliwa. Ulisema nimebeba nyumba mgongoni kama kobe. Nikakujibu kwamba kobe hufika. Ukasema ndiyo, hufika, lakini watu huwa wamekwisha kula.

Mahema yalikuwa mawili, Paker. Hilo nataka lieleweke, ingawa halinisaidii. Moja lilikuwa langu la zamani, la watu wawili, na jingine nilikuwa nimekununulia wewe, jipya, la rangi ya kijani. Asubuhi ya kuondoka niliinua begi lako nikafikiria magoti yako na ule mwinuko. Nikatoa hema jipya nikaliweka nyuma ya kochi. Nikakuambia tutalala pamoja kwenye hili langu, tumepunguza kilo mbili na nusu. Nilikuwa najisifu. Wewe ulilitazama lile hema lililobaki, ukanitazama mimi, ukasema, "Sawa, Paker."

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi ndiye huyo asiyejua. Miaka yote ile nilikuwa nimemwoa binti yako, na miaka yote ile hukuwahi kulala nyumbani kwetu hata siku moja. Ulikuwa ukija, unakula, unacheza na wajukuu, na jua likianza kushuka unadai nikupeleke stendi, hata kama mvua inanyesha, hata ile mara uliyokuwa na homa. Nilidhani ni ubishi wa wazee. Nilikutania kwamba unapenda mbuzi wako kuliko godoro letu. Kumbe baba mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, na hakuna aliyenieleza kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu mzima anahitaji kuelezwa. Hata kwetu Wakikuyu wazee wana miiko inayofanana na hiyo. Lakini sisi wa Kitengela tumekuwa watu wa geti na ukuta, kila mtu na kiploti chake, na mambo kama haya tunayakumbuka siku ya harusi tu.

Usiku wa kwanza tulilala chini ya ukuta, upande wa Magadi, kwenye joto ambalo hata mjusi angelikimbia. Ulitandika shuka nje, na mimi sikuona ajabu. Mtu yeyote angelala nje.

Siku ya pili ndiyo tuliyopanda. Nakumbuka mgongo wako ukiwa mbele yangu na viatu vyako vya tairi vikishika mawe yale kama vidole. Mimi na buti zangu nilikuwa nahema kama mashine ya kusaga. Katika kila kona ulisimama ukijifanya unatazama ndege, au mti, au kinyesi cha nyati, mpaka nikufikie na pumzi irudi, ndipo ukaendelea kama mtu aliyemaliza kutazama. Hukuniuliza hata mara moja kama nimechoka. Sikuwahi kukushukuru kwa wale ndege uliokuwa ukiwatazama.

Tulipofika juu jua lilikuwa linazama na ukungu ulikuwa unaingia kati ya miti. Nilisimamisha hema nikatandika sehemu mbili, yako upande wa mlango ili usisumbuke ukitaka kutoka. Wewe ulikuwa umeshawasha moto na kuketi mgongo wako ukiwa umeelekea kwangu.

"Paker, ingia ndani. Ukungu ni mwingi," nikasema.

"Lala wewe. Mimi nachunga."

"Unachunga nini na hakuna ng'ombe?"

"Nachunga moto."

Nikacheka. Nililala usingizi mzito, kwenye mfuko wa kulalia uliotengenezwa kwa ajili ya theluji. Asubuhi nilikukuta palepale, shuka ya juu imelowa umande mpaka imebadilika rangi, nawe umeshika kikombe cha chai umeninyooshea. Mkono wako ulikuwa baridi kama bomba la maji. Nilidhani hukupenda hema, kwamba wazee hawapendi vitu vya kisasa. Na jioni iliyofuata, kwenye chemchemi, tulirudia maneno yaleyale, neno kwa neno, kama watu wanaocheza mchezo.

Chemchemi tuliikuta imekuwa ndogo. Ilikuwa imebaki kidimbwi cha ukubwa wa karai na maji yakitokea chini ya jiwe polepole. Ulipiga magoti ukanywa kwa kiganja, kisha ukakaa muda mrefu. Ukaniambia kwamba kwenye ukame ule ulileta ng'ombe arobaini na ukarudi na kumi na tisa, na baba yako hakukuuliza kitu. Alikuwekea mkono kichwani tu, kama anavyosalimiwa mtoto. Nilikupa biskuti.

Tuliporudi, Nashipai alikuwa ametupikia. Ulikaa kwenye kochi lilelile, na hema la kijani likiwa nyuma yako, halijaguswa. Alikuwa anafungua begi langu ili afue nguo ndipo akauliza tulibeba tenti ngapi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa wepesi kabisa, mikono yake ikiendelea na kazi, "Si unajua baba hawezi kulala mahali mkwe wake analala. Nilikuwa na wasiwasi mtachukua moja."

Hapo ndipo nilipojua, Paker. Nilijua nikiwa nimesimama na soksi chafu mkononi. Yale maneno ya moto, mgongo uliogeuzwa, umande, vyote vilinijia kwa mpigo mmoja. Na mdomo wangu ukasema, "Mbili."

Sikuweza kukutazama. Wewe ulipuliza chai yako ukasema, "Tulilala vizuri. Hata nimekoroma."

Siku hiyo nilikupeleka Bisil kwa pikapu na njia nzima nilitafuta pa kuanzia. Tulikuwa tumefika kwenye boma lako, umeshateremka, ndipo nikasema kupitia dirishani kwamba ungeniambia tu. Uliinama ukanitazama. Hukuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Ningekuambia, wewe ungelala wapi?"

Ukagonga paa la gari mara mbili, kama ulivyozoea kuniaga, ukaenda kuwaona mbuzi wako. Nilirudi Kitengela nikijiambia kwamba huo ulikuwa wema tu wa mzee, si swali la kujibiwa.

Kikohozi kilianza kabla mvua hazijaisha. Mwanzo ulisema ni vumbi, kisha ni baridi, kisha hukusema kitu. Daktari kule Kajiado alieleza kwamba mapafu yalikuwa yamechoka kwa miaka mingi ya moshi na vumbi, na kwamba umri nao una yake. Sikumwambia daktari habari za hema. Pengine angesema halihusiki, na mimi nisingemwamini. Pengine angesema linahusika. Nilikaa kando ya kitanda chako nikikumenyea machungwa, na kila uliponiita Paker nilihisi vibaya, kwa sababu Paker ni mtu aliyetoa kitu na mimi nilikuwa nimechukua. Ulipoondoka ilikuwa Februari na majani yalikuwa yameisha tena.

Kwenye mazishi Nashipai akasema yale maneno. Tangu hapo yakawa mali ya watu wote. Wajomba zake wameyarudia mbele yangu kwenye harusi mbili. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu mimi wengine walinisaidia kuitengeneza, nikaendelea kutembea.

Mwaka huu Nashipai akasema yuko tayari kuiona chemchemi yako. Amejiandaa kuliko nilivyojiandaa mimi. Kila jioni dukani namjazia begi kilo nane za misumari, naye anapanda na kushuka ngazi za lile jengo la ghorofa nne nyuma yetu ambalo halijaisha. Mafundi wamemzoea, wanamsalimia kila anapopita. Ana mwendo wako, Paker. Haharakishi na hasimami.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, tulitandaza turubai sebuleni. Nilipima vitu, yeye akaandika. Alipofika kwenye mahema akasema tubebe yote mawili. Nikamwambia sisi ni mke na mume, moja linatosha, na nikataja kilo mbili na nusu. Akasema hilo langu nibebe nikitaka. Yeye anataka lile la baba. Anataka kulala ndani yake, mahali alipolala baba yake.

Nikalitoa nyuma ya kochi. Alilipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga, akafungua ule mfuko, akaingiza uso wake ndani. Alikuwa anatafuta harufu yako: moshi, ugoro, ngozi ya kondoo. Alikaa hivyo kidogo kisha akainua kichwa.

"Inanuka duka," akasema. "Uliifua?"

Paker, ningeweza kusema ndiyo. Ilikuwa neno moja tu, dogo kuliko lile la kwanza, na angeniamini. Angeilalia ile nailoni akilia kwa amani. Lakini alikuwa bado amelipakata, na kwenye mkunjo niliona vile vigingi vikiwa vimefungwa na mpira wa kiwandani, havijawahi kuonja udongo.

"Haijawahi kufunguliwa," nikasema.

Hakuelewa mara moja. Nilimwambia yote, kuanzia asubuhi ile ya begi lako hadi mkono wako wenye kikombe. Aliuliza maswali mafupi. Siku zote tatu? Zote. Ukungu ulikuwepo? Ulikuwepo. Alikuwa na shuka ngapi? Mbili. Kisha akaufunga ule mfuko, na alipozungumza sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Na mimi nikasimama mbele ya watu nikasema alilala kama mtalii."

"Ulisema."

"Na wewe ukacheka."

Akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Kwa siku mbili tulizungumza habari za watoto na chumvi tu. Sikumlaumu. Niliendelea kufungua duka, kupima misumari, kufunga duka. Nilifikiri safari imekufa, na sikujua kama ni safari peke yake.

Jana jioni nilimkuta ametandaza turubai tena peke yake. Alikuwa amepanga vitu vyote isipokuwa mahema. Hayo yalikuwa yameegemezwa ukutani, yote mawili. Juu ya begi lake kulikuwa na shuka yako, ile ya juu, iliyolowa umande kule mlimani. Kumbe aliitunza sandukuni muda wote huu. Akaniambia bila kugeuka, "Nitalala pale alilala. Nitachunga moto. Wewe beba tenti ukitaka."

Hakuniambia nilale wapi. Nami sikuuliza, kwa sababu wakati ule nilisikia vidole vyako vikigonga paa la gari.

Basi nakujibu sasa, Paker, mbele ya watu, kwa kuchelewa kwa aibu. Uliniuliza ningelala wapi. Nje. Ningelala nje, upande wa pili wa moto, na ukungu ule ungetupata sote wawili, na asubuhi mmoja wetu angemnyooshea mwenzake chai. Haikuwa jambo gumu. Ulihitaji tu kuniambia, nami nilihitaji tu kuuliza, na sisi tulioitana kwa jina la kondoo kila siku hatukuweza.

Nimeyarudisha mahema nyuma ya kochi. Ijumaa tutapanda polepole, na katika kila kona nitasimama nitazame ndege mpaka binti yako anifikie, ingawa najua ni yeye atakayekuwa mbele akinisubiri. Moto tutauwasha palepale. Yeye atakaa mahali pako, mimi upande wa pili.

Lala vizuri, mzee wangu. Sasa ni zamu yangu ya kuchunga.

Paker wako